Kununua skrubu, bawaba na makomeo kwa bei nafuu Lamu

Katika nyumba nyingi za Lamu, mbao na mawe huwa bado imara wakati vyuma vinavyovishikilia vimeshachoka. Bawaba zinalegea, komeo linagoma, vichwa vya skrubu vinavimba kwa kutu, na mlango mzito wa mbambakofi unabaki umening'inia kwa skrubu mbili. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kurekebisha mambo hayo mwenyewe, au anayemwita fundi lakini vifaa anakwenda kununua kwa mkono wake, na pesa zake ana hesabu nazo.

Rai yangu ni moja, na hatua zote zinaitegemea: bei ya skrubu ipime kwa mahali itakapokaa. Pale chumvi inapofika, lipa zaidi mara moja. Pale isipofika, chukua ya rahisi kabisa wala usione haya.

Hatua ya 1: Zunguka nyumba na karatasi mkononi

Usitoke kwenda dukani ukiwa na maneno "skrubu kidogo" kichwani. Zunguka nyumba nzima kwanza, uandike kila kinachotaka kutiwa chuma, kisha ukigawe kwa sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni ile inayopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja: madirisha yanayotazama maji, milango ya nje, baraza, na vyote vilivyo juu penye paa la makuti. Msimu wa kusi ndio unaoonyesha ukweli hapa. Upepo hubeba matone madogo ya maji ya bahari, maji yanakauka na chumvi inabaki juu ya chuma. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa hata siku isiyo na mvua, kwa hiyo chuma hakikauki kamwe. Wenye nyumba Shela wana kazi kubwa zaidi, maana wako karibu na bahari kuu, na mchanga unaopeperushwa unakwangua rangi na zinki iliyopakwa juu ya vyuma.

Sehemu ya pili ni yenye maji na mvuke: choo, bafu, jikoni, penye tangi la maji. Ndani yake tia pia ukuta wowote wa mawe ya matumbawe unaotoa unga mweupe chini karibu na sakafu. Unga ule ni chumvi inayopanda na unyevu kutoka ardhini, na skrubu iliyo ndani ya ukuta huo inaoza kwa siri, upande usiouona.

Sehemu ya tatu ni ndani pakavu: kabati la nguo, kitanda, rafu ya vitabu, meza ya kusomea watoto. Hapa ndipo utakapookoa pesa.

Mbele ya kila kitu andika idadi. Usikisie, hesabu matundu. Bawaba ya inchi nne mara nyingi ina matundu manane, na mlango mzito unataka bawaba tatu, kwa hiyo mlango mmoja tu ni skrubu 24 kabla hujafika kwenye komeo na kitasa. Ongeza kiasi kidogo juu ya hesabu, moja kwa kila kumi, kwa zitakazopotea au kuharibika kichwa.

Hatua ya 2: Jua kipimo chako kabla muuzaji hajakuuliza

Skrubu za mbao madukani kwetu bado zinatajwa kwa inchi na nambari. Inchi ni urefu, nambari ni unene. Nambari 6 ina unene wa karibu milimita 3.5, nambari 8 ni milimita 4.2, nambari 10 ni 4.8 na nambari 12 ni 5.5. Pakiti za kisasa huandikwa milimita peke yake, kama 4 × 40, yaani unene milimita 4 na urefu milimita 40. Inchi moja ni milimita 25.4, basi inchi moja na nusu ni kama 38.

Urefu unaupata kwa kanuni nyepesi: skrubu iwe mara tatu ya unene wa kipande kinachofungwa juu, ili theluthi mbili ziingie kwenye mbao ya chini. Ubao wa nusu inchi unaupigilia kwenye mwimo kwa skrubu ya inchi moja na nusu. Kununua ndefu kupita hapo ni kulipia chuma bure na kujitafutia kuipasua mbao.

Kama una skrubu ya zamani isiyo na jina, ipime kichwa. Angalia kwa rula upana wa kichwa ni sehemu ngapi za kumi na sita za inchi, zidisha kwa mbili, kisha toa mbili. Kichwa chenye upana wa sehemu tano za kumi na sita kinakupa kumi, toa mbili, ni nambari 8. Hesabu hii inafaa skrubu za mbao za kichwa bapa za mtindo wa zamani, ambazo ndizo utakazozikuta kwenye milango mingi ya mji.

Na ukienda kununua skrubu za bawaba, nenda na bawaba yenyewe. Kichwa lazima kizame ndani ya tundu kikae sawa na uso wa bawaba. Kikibaki juu hata kidogo, mlango hautafunga vizuri, na fundi ataulaumu mwimo.

Hatua ya 3: Chagua madini

Hapa tukae kidogo, maana pesa nyingi hupotea kwa kutojua hatua hii.

Skrubu nyeusi ndizo zilizojaa kila duka. Hizi zimetengenezwa kwa ajili ya bodi za jipsamu. Ni kali, zinaingia haraka, na bei yake ni ya chini kabisa. Lakini chuma chake ni kigumu na kikavu, hakipindi: ukiisukuma kwenye mbambakofi au boriti ya mkoko bila kutoboa kwanza, inakatika shingo na kipande kinabaki ndani. Ule weusi wake si kinga ya kutu inayofaa pwani. Mimi naziweka kwa kazi ya bodi ndani ya chumba kikavu, basi. Fundi akikwambia zitafaa kwenye dirisha la nje kwa sababu "zimepakwa", mkatalie kwa upole.

Skrubu za manjano na za fedha inayong'aa zimepakwa zinki kwa umeme. Tabaka la zinki ni jembamba sana, chini ya unene wa unywele. Kwa sehemu ya tatu ya nyumba, makabati na vitanda, zinafaa kabisa na ndizo ninazozipendekeza. Kwa sehemu ya pili zinavumilia ukizipaka rangi juu, isipokuwa ndani ya ukuta wa matumbawe. Nje penye upepo wa bahari utaanza kuona unga mweupe, ndio zinki inayoisha, kisha madoa mekundu.

Vyuma vilivyochovywa kwenye zinki ya kuyeyushwa ni habari nyingine. Utavijua kwa rangi ya kijivu isiyong'aa na uso wenye mikwaruzo na matone. Havipendezi machoni, na wanunuzi wengi huviacha kwa sababu hiyo. Tabaka lake la zinki huwa nene mara nyingi zaidi kuliko la kupakwa kwa umeme. Kwa misumari ya mabati, bolti za ngazi, kulabu za kuning'iniza pembea barazani, hiki ndicho chuma cha mtu mwenye bajeti ndogo na nyumba karibu na bahari. Ukitaka kuhakikisha, tembea hadi kijiji cha Matondoni uwaulize mafundi wa majahazi misumari yao ni ya aina gani na waliinunua wapi. Wao wanafanya kazi ambayo bahari yenyewe ndiyo mkaguzi.

Shaba haishiki kutu nyekundu. Inageuka rangi, inafanya ukijani, lakini inadumu. Ndiyo inayofaa milango ya kuchonga na samani za mbao ngumu, na sababu si uzuri tu. Mbao kama mbambakofi ina asidi zake, na chuma cha kawaida kikikutana nazo pamoja na unyevu, huacha doa jeusi kuzunguka kila skrubu, doa lisilotoka kwa msasa. Upungufu wa shaba ni ulaini. Kichwa chake huharibika haraka ukitumia bisibisi isiyokaa vizuri, na shingo hukatika mbao ikiwa ngumu. Dawa yake nitaieleza kwenye hatua ya kutia.

Stenlesi ndiyo ya juu kwa bei. Kuna mbili utakazozikuta: 304, ambayo kwenye vichwa vya bolti huandikwa A2, na 316, inayoandikwa A4. Hii ya pili imeongezwa madini ya molibdeni kiasi cha asilimia 2 hadi 3, na ndiyo inayostahimili chumvi. A2 karibu na bahari hufanya madoa ya rangi ya chai juu ya uso, lakini mara nyingi inabaki na nguvu zake. Kwa dirisha la kawaida la mjini, A2 inatosha. Kwa bolti iliyo kwenye gati, kwenye mashua, au kwenye ukuta unaorushiwa maji ya bahari, tafuta A4.

Sasa fanya hesabu. Tuseme skrubu ya zinki ni shilingi 3 na ya stenlesi ni shilingi 15. Bei halisi utaisikia dukani, hizi ni za mfano. Dirisha la mbao mbili, kila ubao bawaba mbili, kila bawaba matundu sita, ni skrubu 24. Za zinki ni shilingi 72, za stenlesi ni shilingi 360. Tofauti ni shilingi 288. Siku zile za zinki zitakapooza, utamlipa fundi kuzitoa moja moja, kuziba matundu yaliyopanuka, na kutia nyingine. Hakuna fundi wa siku anayekuja kwa shilingi 288. Lakini ukifanya hivyo hivyo kwenye kabati la chumbani lenye skrubu 60, umetupa pesa, kwa sababu mle ndani zile za shilingi 3 zingemaliza umri wa kabati.

Jambo moja la mwisho kuhusu madini: usichanganye ovyo. Skrubu ya chuma ndani ya bawaba ya shaba huoza upesi kuliko ingekuwa peke yake, kwa kuwa madini mawili tofauti yakikutana na maji ya chumvi, lile dhaifu ndilo linaloliwa. Bawaba ya shaba ipewe skrubu za shaba au stenlesi. Kwenye fremu za alumini tumia stenlesi, na upake grisi kidogo kwenye meno kabla ya kuitia.

Hatua ya 4: Ingia dukani na sumaku na tupa ndogo

Sumaku utaipata kwenye spika mbovu. Ifunge kwenye uzi uiweke mfukoni.

Shaba haivutwi na sumaku kabisa. Bawaba ya rangi ya dhahabu ikirukia sumaku, basi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na bei yake iwe ya chuma. Stenlesi ya 304 na ya 316 haivutwi, au huvutwa kidogo sana kama vile inasitasita. Ipo stenlesi nyingine inayovutwa, lakini hiyo uwezo wake wa kustahimili chumvi ni mdogo, kwa hiyo kwa kazi za nje kanuni inabaki ile ile: ikivutwa kwa nguvu, iache.

Sumaku peke yake haitoshi, maana kuna makomeo na bawaba za aloi ya zinki zilizomiminwa kwenye kalibu na kupakwa juu. Nazo hazivutwi. Hapo ndipo tupa inapofanya kazi. Omba ruhusa, kisha kwangua kidogo mahali pasipoonekana, upande wa nyuma. Shaba ya kweli ni ya manjano hadi ndani. Ukiona kijivu chini ya manjano, ni aloi. Aloi hii ni ya kukatika ghafla, hasa kwenye komeo linalosukumwa kwa nguvu kila usiku. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukikwangua. Akikataa kata kata na bidhaa ni ya bei kubwa, nenda duka la pili.

Angalia na meno ya skrubu. Yawe makali, yaliyo sawa, bila mabaki ya chuma. Ncha iwe katikati. Tia bisibisi ya nyota kichwani: ikicheza cheza, alama yake imechongwa vibaya na utaiharibu kabla haijafika nusu ya njia. Chukua skrubu tano kutoka katikati ya sanduku, si zile za juu.

Kama unataka kununua nyingi na huna hakika, nunua chache kwanza ukazijaribu nyumbani. Zichovye kwenye maji ya bahari asubuhi na jioni, ziache zikauke kila mara, kwa wiki moja. Zitakazotoa wekundu mapema zimekupa jibu kwa shilingi chache.

Hatua ya 5: Nunua wapi, na kwa namna gani

Maduka ya vifaa yako mjini, Usita wa Mui (njia kuu ya mji) na pembeni mwake, na mengine upande wa pwani. Faida yake ni kwamba ukikosea kipimo unarudi kwa miguu. Kumbuka tu kwamba kila kilichomo humo kilikuja kwa lori hadi Mokowe, kikapakiwa kwenye boti, kikashushwa gatini, na kikabebwa kwa mkokoteni au kwa punda. Gharama hiyo iko ndani ya bei, na muuzaji hana kosa.

Hapo ndipo skrubu zinapokuwa na bahati kuliko saruji. Ni nyepesi. Sanduku la skrubu 200 za inchi moja na nusu halifiki kilo moja. Kwa hiyo vitu vidogo vya bei kubwa, kama stenlesi na shaba, inafaa kuvitafuta Malindi au Mombasa mtu anaposafiri kwa shughuli zake. Basi linalotoka Mombasa linapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na mkoba wa mkononi unatosha. Misumari na bolti kubwa ni nzito, na faida yake ndogo itaishia njiani. Hizo nunua hapa hapa.

Mtumie msafiri wako picha ya skrubu ikiwa kando ya rula, pamoja na maandishi: urefu, nambari, madini, aina ya kichwa, idadi. Ukimwambia tu "za bawaba", atakuletea alichopewa.

Linganisha bei kwa skrubu moja. Zipo zinazouzwa moja moja, kwa dazeni, kwa pakiti za 100, kwa masanduku ya 200, na nyingine bado kwa gurosi, yaani 144. Gawanya bei kwa idadi, ndipo ujue lipi ni rahisi. Misumari huuzwa kwa kilo, na humo pia kuna hesabu: kadiri msumari ulivyo mfupi ndivyo kilo inavyokuwa na mingi, kwa hiyo usinunue kilo nzima ya misumari ya inchi moja kwa ajili ya fremu mbili za picha.

Sanduku zima huwa na nafuu kubwa kuliko rejareja. Kama humalizi sanduku, shirikiana na jirani. Kwenye mitaa yetu nyumba zinapakana ukuta kwa ukuta na madirisha yamefanana. Wenye nyumba watatu wakinunua sanduku moja la stenlesi nambari 8 na kugawana, kila mmoja anapata alichohitaji kwa bei ya jumla. Bi mkubwa wa nyumba ya pili huenda anangoja mtu wa kumwambia hivyo.

Maongezi ya bei yaanze kwa salamu, na yaanze na swali linalomwonyesha muuzaji kwamba unajua unachotaka:

"Asalaam aleikum, ami."

"Waleikum salaam, mwanangu. Wataka nini?"

"Nataka skrubu za shaba, inchi moja na nusu, nambari nane, kichwa bapa. Ishirini na nne. Nikichukua sanduku zima, bei yake huwaje?"

"Sanduku nitakupunguzia. Lakini hizi za nyota, au wataka za mfuo mmoja?"

Ukifika hapo umeshaheshimiwa. Usimshushe mtu bei ya skrubu tatu. Omba punguzo kwenye jumla, baada ya kuweka kila kitu mezani, bawaba, komeo na skrubu pamoja. Omba risiti au andika kwenye karatasi alichokuuzia na madini aliyoyataja, na muulize kama zilizobaki kwenye pakiti isiyofunguliwa anazirudisha. Wengi hukubali kwa mteja wanayemjua. Na nenda asubuhi. Adhuhuri maduka mengi yanafungwa kwa sala na mapumziko, Ijumaa zaidi, na Ramadhani saa hubadilika.

Vyuma vilivyotumika navyo ni njia nzuri ya kuokoa. Nyumba ikifanyiwa ukarabati, au mashua ikivunjwa, zungumza na mwenyewe moja kwa moja. Skrubu na bawaba za shaba zilizochakaa hufufuka kwa ukwaju, au kwa ndimu na chumvi, kisha zioshwe vizuri kwa maji baridi na kukaushwa. Ila kuna mpaka. Usinunue bawaba, pete wala mapambo yaliyobanduliwa kwenye milango ya kuchonga ya zamani, hata yakija kwa bei ya kutupa. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inayolinda vitu hivyo. Anayenunua kipande kilichobanduliwa anamlipa mtu arudi kubandua kingine.

Hatua ya 6: Bawaba, makomeo na vitasa

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu sumaku na tupa zimeshafanya kazi kubwa.

Bawaba ifungue na kuifunga dukani. Ikiwa inayumba upande upande, pini yake ni nyembamba na mlango utashuka. Pini inaweza kuwa ya chuma hata bawaba ikiwa ya shaba, kwa hiyo ipitishie sumaku nayo. Komeo lisukume huku na huku, uangalie ulimi wake umenyooka. Makomeo mengi ya bei rahisi huja na skrubu zake kwenye kijimfuko: zile mara nyingi ni fupi na laini. Zitupie kwenye kopo la kazi za ndani, utie zako.

Kitasa cha kuchimbia kwenye mlango unaotazama bahari kitafute chenye mwili wa shaba au stenlesi ukiweza. Usipoweza, nunua cha kawaida, na kila miezi michache kitie mafuta mepesi. Kufuli vile vile: mwili wa shaba, na upinde wa stenlesi kama upo.

Hatua ya 7: Ukuta wa matumbawe si ukuta wa matofali

Plagi za ukutani ni rahisi na ni za lazima, lakini zilitengenezwa kwa ajili ya saruji na matofali. Kwa ukuta wa matofali ya saruji, biti ya milimita 6 na plagi ya 6 kwa skrubu nambari 8. Biti ya 8 na plagi ya 8 kwa nambari 10 au 12. Kazi imekwisha.

Ukuta wa zamani una plasta ya chokaa juu, kisha mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Plasta ni laini na nene. Plagi fupi itaishia ndani ya plasta, na rafu itaanguka pamoja na kipande cha ukuta. Nunua skrubu ndefu zaidi, inchi mbili na nusu au tatu, na plagi ndefu, ili ushike jiwe lenyewe. Drili izungushe bila kupiga nyundo, maana mtetemo unavunja jiwe na kuibandua plasta. Tundu likiwa pana kupita kiasi, kata kijiti cha mbao ngumu kavu, kipigilie humo kwa nguvu pamoja na chokaa mbichi, acha kikauke, kisha skrubu iingie kwenye kijiti. Kwa kabati zito la jikoni, funga kwanza ubao mrefu ukutani kwa skrubu nyingi, halafu kabati ulitundike kwenye ubao; uzito unagawanyika.

Skrubu za ukuta huu ziwe stenlesi. Chumvi iko ndani ya jiwe lenyewe.

Usitoboe penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, wala plasta ya kuchonga. Na kama nyumba yako iko ndani ya mji wa kale na kazi inagusa mlango wa mbele, ukuta wa nje au umbo la dirisha, wapitie kwanza watu wa Makumbusho. Wana mafundi wanaozijua nyumba hizi, na ushauri wao utakuepusha kununua vitu usivyoruhusiwa kutumia.

Hatua ya 8: Zitie kwa namna zisiharibike

Skrubu rahisi iliyotiwa vizuri hudumu kuliko ya ghali iliyolazimishwa. Toboa kwanza, kila mara, kwenye mbao ngumu. Kwa nambari 8, biti ya milimita 3 kwenye mbao ya chini, na tundu la milimita 4.5 kwenye kipande cha juu ili skrubu ipite bila kushika. Mafundi wa majahazi walitoboa kwa keekee, drili ya mkono, kabla ya kila msumari, na walikuwa na sababu.

Kwa shaba, tia kwanza skrubu ya chuma ya kipimo hicho hicho. Iingie hadi mwisho ichonge njia, itoe, kisha shaba ifuate kwa mkono, si kwa drili. Meno yapake nta ya mshumaa. Watu wengi hutumia sabuni, lakini sabuni huvuta maji, na kwetu maji tunayo ya kutosha hewani.

Kwenye mabati ya paa, msumari au skrubu ya paa ikae kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde linalopitisha maji, na mpira wake ukandamizwe bila kupasuka. Vichwa vya skrubu za nje zilizopakwa zinki vipake rangi siku hiyo hiyo, kabla ya usiku wa kwanza wa umande.

Hatua ya 9: Zilizobaki

Zipake mafuta kidogo, zitie kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na punje za mchele mkavu za kunyonya unyevu. Kila chupa iandike: inchi, nambari, madini, na bei uliyolipa kwa moja. Chupa ziweke ndani, mbali na dirisha la pwani. Bei hizo zilizoandikwa ndizo utakazokwenda nazo dukani safari ijayo.